Mkate wa brauni si dawa ya sukari: namna ya kuchagua vitafunio vya nafaka nzima

Wiki tatu zilizopita nilipita kwa shangazi yangu Majengo, baada ya swala ya Laasiri. Nilimkuta ameshatandika mkeka, chupa ya chai iko kando, na mbele yake sahani ya mkate wa brauni na pakiti ya biskuti za wimbi.

"Karibu mwanangu, chai i tayari," akaniambia. "Leo huli mahamri hapa. Nimeacha. Daktari kasema nipunguze wanga, na wajukuu wameniambia nile vitu vya nafaka nzima."

Shangazi ana sukari, mwaka wa tisa huu. Ana mashine yake ya kupima na anaitumia, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Kabla ya kula alikuwa na 7.1. Akala slesi tatu za ule mkate, biskuti nne, na vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye sukari "kidogo tu". Saa mbili baadaye, kabla ya Magharibi, alijidunga kidole tena. Mashine ikasoma 13.6.

Aliniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. "Mbona nimefanya walivyosema?"

Kwa kweli alifanya walivyosema. Tatizo ni kwamba aliambiwa mambo mawili tofauti, akadhani ni jambo moja. Kula nafaka nzima ni jambo moja. Kula wanga kidogo ni jambo lingine. Yanaweza kwenda pamoja, lakini hayaendi pamoja yenyewe, na ukiyachanganya utafanya kama shangazi: utaacha hamri unalolipenda, ule kitu usichokipenda, na sukari ipande vilevile. Kwa kuwa nyumba nyingi hapa Pwani zina mtu mmoja au wawili wenye maradhi haya, nimeona tulichambue suala hili taratibu, kwa vyakula tunavyovijua wenyewe.

Nafaka nzima ni nini hasa?

Chukua punje ya ngano, mahindi, mtama au wimbi. Ina sehemu tatu. Nje kuna ganda laini, ambalo likisagwa huwa pumba. Ndani pembeni kuna kiini, kile kinachoota ukiipanda. Sehemu iliyobaki, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni wanga mweupe. Pumba ndiyo yenye nyuzinyuzi nyingi. Kiini kina mafuta mazuri na vitamini. Ule wanga wa katikati ni chakula cha nguvu, na kazi yake mwilini ni moja: kugeuka sukari.

Nafaka nzima maana yake sehemu zote tatu zimebaki. Unga mweupe wa ngano umeondolewa pumba na kiini, ukabaki wanga. Unga wa mahindi uliokobolewa ni hivyo hivyo, tofauti na ule tunaopeleka wenyewe kinuni ukasagwa na ganda lake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe vitamini na madini, na hilo ni jema. Lakini nyuzinyuzi zilizotolewa hazirudishwi na vitamini.

Faida ya nyuzinyuzi ni kwamba mwili hauwezi kuzigeuza sukari. Zinapita tumboni polepole, zinakushibisha, na zinachelewesha ule wanga mwingine usiingie kwenye damu kwa vishindo. Ndiyo maana watu wanaokula nafaka nzima badala ya zilizokobolewa huwa na hatari ndogo zaidi ya kupata kisukari na maradhi ya moyo.

Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia kwenye hesabu.

Wanga kidogo ni kiasi gani?

Hakuna mpaka mmoja uliokubaliwa na wote, lakini wataalamu wengi wakisema mlo wa wanga kidogo huwa wanamaanisha chini ya gramu 130 za wanga kwa siku nzima. Wapo wanaoshuka zaidi, hadi chini ya 50, lakini huo ni mlo mkali ambao mtu haufai kuuanza bila daktari.

Gramu 130 si nyingi kwa mezani petu. Kikombe kimoja cha wali mweupe ulioiva kina kama gramu 45. Slesi moja ya mkate ina gramu 12 hadi 15. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30, yaani kama vijiko 8 vya sukari. Ukigawa 130 kwa milo mitatu ya siku, kitafunio cha alasiri kinabaki na nafasi ya gramu 15 hivi, ukipenda 20. Kumbuka namba hiyo ya 15, tutairudia.

Chama cha Kisukari cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, kilisema kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari kwa wenye kisukari. Ripoti hiyo hiyo ikasisitiza kwamba hakuna mlo mmoja unaomfaa kila mtu. Maneno yote mawili ni ya kuzingatia.

Hesabu ya mahamri

Sasa tuone kwa nini nafaka nzima peke yake haitoshi. Tuchukue nusu kilo ya unga mweupe wa ngano na gramu 100 za sukari, tupate mahamri 20. Tui la nazi na iliki tuyaache, wanga wake ni mdogo.

Nusu kilo ya unga mweupe ina takriban gramu 380 za wanga, na humo nyuzinyuzi ni kama gramu 13 tu. Ukiziondoa, unabaki na 367. Ongeza gramu 100 za sukari, unapata 467. Gawanya kwa 20: kila hamri lina gramu 23 za wanga unaogeuka sukari.

Haya, tubadilishe. Nusu kilo ya unga wa ngano nzima kweli kweli ina takriban gramu 360 za wanga, na humo nyuzinyuzi zinafika 53. Ukiziondoa, unabaki na 307. Ongeza sukari ileile, unapata 407. Gawanya kwa 20: gramu 20 kwa kila hamri.

Umeona? Kubadilisha unga kumekupunguzia gramu 3 kwa hamri. Si haba, na zile nyuzinyuzi zina faida nyingine. Lakini mtu aliyezoea kula mahamri manne ya unga mweupe, akila mawili tu, amejipunguzia gramu 46 kwa mara moja. Na aliyekula manne ya ngano nzima kwa kuwa "haya hayana neno" amekula gramu 80.

Hiyo ndiyo nukta yote ya makala haya. Nafaka nzima inabadilisha aina ya wanga. Haiondoi wanga. Anayetaka vyote viwili achague nafaka nzima, kisha aipime.

Brauni si lazima iwe nzima

Turudi kwenye mkate wa shangazi. Niliuchukua mfuko wake nikausoma. Kiungo cha kwanza kilikuwa unga wa ngano, bila neno "nzima". Chini zaidi kulikuwa na sukari, na karibu na mwisho rangi ya karameli. Yaani ulikuwa mkate mweupe uliovishwa kanzu.

Rangi haisemi kitu. Mkate unaweza kupata ubrauni kutokana na pumba, na unaweza kuupata kutokana na molasi au rangi ya karameli, ambayo mara nyingi huandikwa E150. Hata unga wa atta tunaopikia chapati, si kila unaoitwa jina hilo ni ngano nzima. Mwingine umepunguzwa pumba. Biskuti za wimbi nazo mara nyingi ni unga wa ngano kwanza, sukari ya pili, kisha wimbi kidogo la kutajwa jina.

Kwa hivyo ukiwa dukani, geuza pakiti nyuma. Maneno ya mbele ni ya muuzaji, ya nyuma ndiyo yako. Fanya mambo manne.

La kwanza, tazama orodha ya viungo. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Cha kwanza kiwe nafaka nzima yenyewe: ngano nzima, oti, wimbi, mtama. Kama sukari imo katika vitatu vya mwanzo, rudisha pakiti rafuni. Ujue pia sukari ina majina mengi: glukosi, molasi, asali, sharubati ya mahindi, na maneno mengi yanayoishia na "-ose" kwenye pakiti za Kiingereza.

La pili, tafuta wanga na nyuzinyuzi katika gramu 100, kisha fanya hesabu ya kumi kwa moja: kwa kila gramu 10 za wanga, nyuzinyuzi zisipungue gramu 1. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliipima kanuni hii mwaka 2013 wakaona bidhaa zinazoipita kwa kawaida huwa na sukari na chumvi kidogo zaidi. Tuseme pakiti inasema wanga 65, nyuzinyuzi 4. Gawanya 65 kwa 10, unapata 6.5. Nyuzinyuzi ni 4 tu, hazifiki. Nyingine inasema wanga 60, nyuzinyuzi 9. Hiyo imepita.

La tatu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: iliyopita mtihani wa kumi kwa moja bado ina wanga 60. Kwa hivyo hesabu unakula vipande vingapi. Kama kipande kimoja kina uzito wa gramu 10, vipande viwili ni kama gramu 12 za wanga. Uko ndani ya ile 15 yako. Vipande sita ni 36, na hapo hujala kitafunio, umekula mlo.

La nne, angalia bidhaa imetoka wapi. Kwenye pakiti za Marekani, namba ya wanga imejumlisha nyuzinyuzi, hivyo unaweza kuzitoa. Kwenye za Uingereza na Ulaya, ambazo ziko tele katika supamaketi zetu, nyuzinyuzi zimeshatolewa na kuandikwa kwa mstari wake. Ukizitoa tena utajidanganya.

Tutembee mitaani

Lakini wengi wetu hatuli vitafunio vya pakiti. Tunakula vya barabarani, vya sokoni na vya jikoni mwetu, ambavyo havina maandishi nyuma. Tuvipitie.

Bisi. Hiki ni kitafunio cha nafaka nzima ambacho watu hukidharau. Punje ya mahindi hupasuka na ganda lake na kiini chake. Vikombe 3 vya bisi zilizopikwa nyumbani kwa mafuta kidogo vina takriban gramu 18 za wanga, na zaidi ya gramu 3 kati yake ni nyuzinyuzi. Unabaki na 15. Vikombe 3 ni bakuli la kujaza mikono miwili, unatafuna muda mrefu, na bei yake haimshindi mtu. Sharti ni moja: zisiwe zile za kupakwa sukari na rangi, na chumvi iwe kidogo, hasa kwa wenye presha.

Mahindi ya kuchoma. Ni nafaka nzima pia, yaliyopakwa ndimu na pilipili utamu wake twaujua. Lakini gunzi zima lililokomaa lina wanga mwingi kuliko nafasi ya kitafunio. Kata nusu, mpe mwenzako nusu.

Pure. Mahindi mazima na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, maadamu mahindi hayakukobolewa. Nusu kikombe, si sahani. Maharagwe yanaongeza protini na nyuzinyuzi, na ndiyo maana pure huweza kukaa tumboni saa nyingi.

Mtama na wimbi. Kabla ya mahindi kuletwa kutoka Amerika, mtama na uwele ndivyo vilivyokuwa nafaka za Pwani. Mkate wa mofa wa asili ni wa mtama. Ukipata wa unga wa mtama wenye pumba zake, kipande kidogo na mchuzi wa samaki ni bora kuliko slesi mbili za dukani. Lakini mtama na wimbi vikiwa vikavu vina wanga wa gramu 70 na ushei kwa kila 100, karibu sawa na ngano. Sifa yao ni nyuzinyuzi na madini, si uchache wa wanga.

Uji wa wimbi unahitaji neno la peke yake, kwa kuwa wagonjwa wengi huambiwa "kunywa uji wa wimbi" kana kwamba ni maji. Nafaka ikisagwa laini sana, tumbo halina kazi ya kufanya. Wanga unaingia haraka. Punje nzima au unga wa kukwaruza hupanda polepole zaidi. Ukinywa uji, uwe kikombe kidogo, usiwe na sukari, na ule pamoja na kitu chenye protini kama yai au ngumi ya njugu. Uji wa wimbi wenye vijiko vitatu vya sukari una gramu 12 za sukari hata kabla hujahesabu wimbi.

Oti. Ile ya pakiti, yenye punje zilizobanwa, ina takriban gramu 66 za wanga na 10 za nyuzinyuzi kwa kila 100. Chukua vijiko vitatu vikubwa vya oti kavu, inatosha. Zile za mifuko midogo za kumwagia maji moto mara nyingi zimesagwa zaidi na kutiwa sukari.

Na vile visivyo nafaka kabisa? Mhogo si nafaka, na gramu 100 zake zina wanga wa gramu 38 hivi na nyuzinyuzi zisizofika 2. Krispu za mhogo ni huo huo mhogo uliokaushwa kwa mafuta, kwa hiyo wanga wake umekusanyika zaidi. Viazi karai ni kiazi ndani ya koti la unga. Kaimati, visheti na kashata, sina la kuongeza. Mabuyu yananihuzunisha: unga wa mbuyu wenyewe una nyuzinyuzi nyingi, lakini sisi tumeuzamisha ndani ya sukari na rangi nyekundu mpaka hauonekani.

Mkubwa wa vitafunio ni mwenziwe

Siri ya kitafunio cha wanga kidogo ni kukipa nafaka nafasi ndogo, na nafasi iliyobaki kuijaza kwa kitu kingine. Hapa Pwani tumebarikiwa.

Njugu karanga, ngumi moja ya gramu 30, ina wanga wa gramu 5 tu, nusu yake nyuzinyuzi, na protini ya gramu 7 au zaidi. Korosho za Kilifi na Kwale ni tamu, lakini ngumi kama hiyo ina wanga wa gramu 9, basi usizimalize kama njugu. Kipande cha nazi cha gramu 30 kina wanga wa gramu 4 au 5, na zaidi ya nusu ni nyuzinyuzi. Yai la kuchemsha halifiki gramu 1. Parachichi lina wanga mdogo na nyuzinyuzi nyingi. Pojo za kuchemsha, gramu 100, zina wanga wa 19 lakini 7 na ushei ni nyuzinyuzi. Bajia za dengu nazo zina protini nzuri. Mbili tatu, zilizokaangwa kwa mafuta safi, si mbaya.

Sasa unganisha. Kikombe kimoja na nusu cha bisi na ngumi ya njugu. Kipande kidogo cha mkate wa mofa na yai. Nusu kikombe cha pure na kachumbari ya nyanya na tango. Vipande viwili vya biskuti ya oti iliyopita mtihani, na kipande cha nazi. Hamri moja la ngano nzima na mbaazi kidogo, wanga wake ukikumbuka kuuhesabu. Vyote hivi viko karibu na ile 15 au vinaipita kidogo, na hakuna hata kimoja kinachokulazimu uingie duka la kigeni.

Ila njugu na nazi zina mafuta mengi. Ngumi ya njugu ni ngumi, si pakiti nzima ukiangalia mpira. Wanga ukishuka na mafuta yakapanda bila kipimo, kilo zitaongezeka, na kilo zikiongezeka sukari inarudi kwa mlango wa nyuma.

Na usisahau kikombe. Watu wanapima mkate kwa gramu kisha wanakunywa chai ya vijiko vitatu mara mbili, gramu 24 hizo. Kahawa chungu, ya kweli, isiyo na sukari, haina neno. Matata ni halua inayoifuata.

Usipunguze wanga kabla ya kuuliza kuhusu dawa

Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo mtu anaweza kuumia.

Mtu anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, dozi yake imepimwa kwa chakula alichozoea kula. Akikata wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka chini ya 3.9. Hapo atatetemeka, atatoka jasho la baridi, atachanganyikiwa, na akiachwa anaweza kuzimia. Kushuka huku kunaweza kuua haraka kuliko kupanda.

Kwa hivyo kabla ya kubadilisha mlo, nenda kliniki, mwambie daktari au mtaalamu wa lishe: "Nataka kupunguza wanga, dawa zangu zitakuwaje?" Huenda dozi ikashushwa. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye maradhi ya figo, watoto, na wenye kisukari cha aina ya kwanza wasijaribu wenyewe kabisa.

Na sukari ikishuka, siku hiyo sahau makala haya. Nafaka nzima haifai kwa wakati huo kwa sababu ni ya polepole. Mpe mgonjwa aliye na fahamu gramu 15 za sukari ya haraka, vijiko vinne vidogo vya sukari ndani ya maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Katika Ramadhani tahadhari ni mara mbili. Anayetaka kufunga aongee na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wakati wa kufuturu, kumbuka tende ndogo moja ina gramu 5 za wanga, na zile kubwa nene hufika 18. Tende tatu ndogo na tende tatu kubwa si kitu kimoja.

Pima, usikisie

Miili haifanani. Kitafunio kinachomfaa jirani kinaweza kukupandisha wewe. Kama una mashine, pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Wengi huelekezwa wawe chini ya 10 wakati huo, lakini fuata lengo ulilopewa na daktari wako. Andika ulichokula na namba. Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha yako mwenyewe, iliyo bora kuliko yangu.

Hivyo ndivyo alivyofanya shangazi. Kwanza tulikwenda naye kliniki, dawa zake zikaangaliwa. Kisha akaanza kuandika nyuma ya kalenda ya ukutani, kwa kalamu ya mjukuu. Wiki iliyopita nilimkuta tena alasiri. Mkate wa brauni haukuwapo. Palikuwa na hamri moja, lake mwenyewe, la ngano nzima aliyoinunua Kongowea ikiwa punje akaipeleka kusagwa. Kando yake yai la kuchemsha, na chai ya rangi yenye tangawizi na iliki, bila sukari.

"Hamri?" nikamuuliza. "Si uliacha?"

"Niliacha manne," akasema. "Hili moja nimelirudisha."

Kabla ya Magharibi akapima. Ilikuwa 9.2. Akaichukua kalenda, akaandika, akaniambia nimletee bisi nikirudi, zile zisizo na rangi.